Padre Antoine Horner, Mlezi wa Wakatekista wa Kwanza wa Bagamoyo

Hujaji anayefika Bagamoyo kwa kawaida huanzia kwenye msalaba wa ufukweni, akaifuata njia ya miembe hadi kanisa la kale, na kumalizia kwenye makaburi ya wamisionari. Hapo husoma majina ya mapadre, mabruda na masista, wengi wao wakiwa wamefariki kabla ya kutimiza miaka arobaini. Kaburi moja halimo. Padre Antoine Horner, aliyeianzisha misheni hiyo mwaka 1868 na kuiongoza kwa zaidi ya miaka kumi, alifia mbali na pwani hii. Ni vema kumkumbuka, hasa wakati huu ambapo Bagamoyo imekuwa jimbo kamili tangu mwaka 2025, na parokia zetu zinajadili upya namna ya kuwaandaa waamini walei kwa ajili ya huduma ndani ya Kanisa. Jambo hilo Horner alilianza kabla yetu sote. Alifanikiwa katika mengi, na palipomshinda pia pana la kutufunza.

Alizaliwa mwaka 1827 huko Alsace, mashariki mwa Ufaransa, mahali ambapo watu wa vijijini walikuwa Wakatoliki wenye ibada nzito na desturi ya kufanya kazi kwa bidii. Akiwa kijana alijiunga na Shirika la Roho Mtakatifu. Mwalksace mwenzake, Padre François Libermann, ndiye aliyekuwa amelipa shirika hilo uhai mpya mwaka 1848, alipoliunganisha na shirika lake mwenyewe la Moyo Mtakatifu wa Maria. Libermann, mtoto wa rabi wa Kiyahudi aliyeongokea Ukristo, hakuwahi kufanya umisionari barani Afrika. Hata hivyo aliwaachia wanawe wazo moja lililokuwa geni kwa Ulaya ya siku zile: kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe, na kwamba mmisionari anapaswa kujifanya mtumishi wao. Alifariki mwaka 1852, lakini wazo lake lilibaki katika nyumba za malezi za shirika, na Horner alilelewa ndani yake.

Utume wake wa kwanza ulikuwa kisiwani Réunion, katika Bahari ya Hindi. Utumwa ulikuwa umefutwa pale mwaka 1848, na maelfu ya watu waliokuwa watumwa katika mashamba ya miwa walikuwa huru kisheria lakini bila ardhi na bila elimu. Horner alikabidhiwa wagonjwa wa ukoma, akakaa nao kwa miaka kadhaa. Anayetaka kumwelewa Horner wa Bagamoyo aanzie hapo. Kwa wakoma alijifunza kwamba mafundisho ya dini peke yake hayatoshi. Mtu aliyetupwa na jamii huhitaji kwanza mahali pa kuishi, kazi ya mikono, na ratiba ya siku inayomrudishia heshima yake. Nadhani hapo ndipo alipozoea pia jambo la pili, ambalo baadaye lingemgharimu: kuwa baba wa watu wasioweza kumpinga.

Kutoka Réunion hiyohiyo ndiko Kanisa lilikoingia Zanzibar. Mwishoni mwa mwaka 1860 Padre Armand Fava alifika Unguja pamoja na mapadre wachache na masista wa Shirika la Mabinti wa Maria, shirika lililozaliwa Réunion mwaka 1849. Wakafungua hospitali na shule. Sultani Majid bin Said aliwapokea kwa ustaarabu, ilimradi waheshimu dini ya nchi. Baada ya muda mfupi Roma ilikabidhi misheni hiyo kwa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwezi Juni 1863 Horner akatua Unguja kama mkuu wake. Miongoni mwa wenzake alikuwamo Padre Étienne Baur, ambaye angeishi pwani hii kwa miongo mingi baada yake.

Zanzibar ya mwaka 1863 ilikuwa na soko la watumwa lililofanya kazi mchana kweupe. Watu waliletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakipitia Kilwa na bandari nyingine, wakauzwa kama mbuzi. Wamisionari walitumia fedha walizotumiwa kutoka Ulaya, hasa za Shirika la Utoto Mtakatifu, ambapo watoto wa Ufaransa walichangia senti zao kwa ajili ya watoto wa mataifa mengine. Kwa fedha hizo walikomboa watoto sokoni. Wengine waliletwa na manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi ya watumwa baharini. Tangu wakati ule walikuwapo waliouliza kama kumnunua mtoto sokoni, hata kwa nia ya kumwokoa, hakumtajirishi mfanyabiashara na kumpa sababu ya kurudi bara kutafuta wengine. Swali hilo ni la haki. Horner alimwona mtoto aliyesimama mbele yake, akalipa.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyolifanya jina lake lidumu. Angeweza kuwa na kituo cha yatima na kuridhika, kwa kuwa wafadhili wa Ulaya walipenda sana habari za yatima. Yeye alikuwa akijiuliza watoto hawa watakuwa watu wa namna gani watakapokuwa wakubwa. Walikuwa wametoka katika makabila mengi, na wengi hawakukumbuka njia ya kurudi kwao. Mtoto aliyebatizwa kisha akaachwa katika mitaa ya Unguja angekuwa mtumwa tena, au angesahau imani yake. Kwa hiyo aliamua kwamba lengo la misheni liwe kuunda familia za Kikristo, na kwamba familia hizo ndizo zitakazopeleka Injili bara. Padre peke yake angekufa kwa homa. Familia yenye shamba, nyumba na watoto ingebaki.

Kwa hilo Unguja ilikuwa finyu. Horner alivuka na kuchunguza pwani ya bara, na tarehe 4 Machi 1868 misheni ya Bagamoyo ikaanza. Mji huo, ulioko kama kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam ya leo, ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Kila mwaka Wanyamwezi walishuka kwa maelfu wakiwa wamebeba pembe za ndovu, wakapumzika Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na nyaya. Misheni iliwekwa nje kidogo ya mji, upande wa kaskazini, mahali penye pori lililohitaji kufyekwa. Kituo cha Unguja kiliendelea, lakini moyo wa kazi ulihamia huku.

Ratiba ya siku ilifanana kwa kiasi fulani na ya monasteri. Kengele iliamsha watu alfajiri. Baada ya sala na Misa watoto waligawanyika: wengine darasani, wengine kwenye karakana, wengi shambani. Mabruda walifundisha useremala, uhunzi, uashi na ushonaji, na kwa kweli wao ndio waliokuwa walimu wakuu wa misheni ingawa vitabu vyetu huwataja kwa nadra. Masista waliwalea wasichana na kutibu wagonjwa. Kiswahili kikawa lugha ya sala na katekisimu, kwa sababu hakuna lugha nyingine ambayo mtoto wa Kiyao, wa Kinyasa na wa Kizaramo wangeweza kusali pamoja. Mashambani ilipandwa minazi, mihogo, mtama na mazao yaliyoletwa kutoka Réunion, pamoja na kahawa. Mbegu za kahawa za wamisionari hawa zilifika baadaye hadi Kilema kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na wakulima wa kule bado wanaijua historia hiyo.

Horner hakuona karakana kuwa njia ya kupata fedha tu, ingawa fedha zilihitajika sana. Kwake, kazi ilikuwa sehemu ya malezi ya imani. Kijana aliyekuwa mtumwa aliijua kazi kama adhabu. Alipaswa kujifunza upya kwamba mkono unaoshika jembe na mkono unaofanya ishara ya msalaba ni mmoja. Wenye mafunzo ya kisasa ya majiundo ya walei huzungumza juu ya kuunganisha imani na maisha. Horner hakuwa na msamiati huo, ila alikuwa na nyundo, jembe na kengele ya Malaika wa Bwana.

Vijana walipofikia umri wa kuoa, wavulana wa misheni waliunganishwa na wasichana waliolelewa na masista. Ndoa ilifungwa kanisani, na kila mume na mke walipewa nyumba na kipande cha ardhi katika kijiji cha Kikristo kilichowekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa familia na wa wafanyakazi. Sehemu ya juma walifanya kazi kwenye mashamba ya misheni, na sehemu iliyobaki kwenye mashamba yao wenyewe. Asubuhi na jioni walikusanyika kwa sala. Waliofundishika zaidi walipewa jukumu la kufundisha wengine, kuongoza sala, kuwatembelea wagonjwa, na kuwabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa. Hawa ndio wakatekista wa kwanza wa Tanzania Bara, na walikuwa watu wa ndoa.

Miaka ile haikuwa ya amani. Ugonjwa wa kipindupindu uliozikumba Zanzibar na pwani mwaka 1869 na 1870 uliua watu wengi kiasi kwamba waliobaki walishindwa kuzika. Bagamoyo haikusalimika. Wachukuzi wa misafara waliougua waliachwa njiani na ufukweni, na watu wa misheni ndio waliowaendea. Watu wazima wengi waliobatizwa pwani katika kipindi hicho walibatizwa wakiwa mahututi, baada ya kusikia maneno machache tu juu ya Mungu. Tunamwachia Mungu siri ya roho hizo. Lakini Horner alifahamu kwamba Kanisa haliwezi kujengwa kwa ubatizo wa wanaokufa. Kisha, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kikubwa kiliipiga Zanzibar na pwani inayoikabili. Majahazi na meli vilizama bandarini, minazi ikang'olewa, na majengo ya misheni yakabomoka. Kazi ya miaka minne iliangushwa kwa siku moja.

Walianza upya. Na ni katika kuanza upya huko ndipo mafundi waliofunzwa na mabruda walipoonekana thamani yao, kwa sababu waliojenga upya walikuwa ni vijana walewale waliokombolewa. Mwaka uliofuata Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyetumwa kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa, aliitembelea Bagamoyo akavutiwa sana na alichokiona, akaisifu misheni ya Wafaransa kama mfano wa kuigwa. Mprotestanti kuisifu misheni ya Kikatoliki, na Mwingereza kuwasifu Wafaransa, halikuwa jambo la kila siku. Mwezi Juni mwaka huohuo wa 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba.

Mwezi Februari 1874 kundi la watu waliochoka liliingia Bagamoyo likiwa limebeba maiti ya David Livingstone kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Mwili ulipokelewa misheni na kuwekwa kwa heshima kanisani kabla ya kuvushwa Zanzibar. Wageni hukumbuka jina la Livingstone tu, lakini waliombeba walikuwa Waafrika, wakiongozwa na Susi na Chuma. Pamoja nao alikuwamo Jacob Wainwright, kijana aliyekuwa mtumwa, akaokolewa na kusomeshwa na Waanglikana huko India. Yeye ndiye aliyesoma ibada ya maziko pale moyo wa Livingstone ulipozikwa chini ya mti. Hapakuwa na padre wala mchungaji yeyote. Mlei aliyefundwa vizuri alifanya lililopaswa kufanywa. Sijui kama Horner aliutafakari mfano huo, ila ulipita mlangoni pake.

Tuwatazame kidogo ndugu zetu Waanglikana, kwa sababu walikuwa majirani na njia yao ilifanana na yetu. Misheni yao ya Vyuo Vikuu ilihamia Zanzibar mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer na Padre Edward Steere. Nao walianza na watoto waliookolewa utumwani. Katika shule yao ya Kiungani walikusudia tangu mwanzo kuandaa walimu, wasomaji na mapadre wenyeji. John Swedi, mmoja wa wavulana watano wa kwanza waliokabidhiwa kwa Tozer na Sultani, alipewa ushemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa akapata upadre mwaka 1890. Kwa upande wetu, Horner alifungua madarasa ya Kilatini kwa vijana wachache waliodhaniwa kuwa na wito, lakini hakuna hata mmoja aliyefikia altare maishani mwake. Mapadre Wakatoliki wa kwanza wazalendo wa nchi hii walipewa daraja mwaka 1917, tena kule Kagera, mbali na Bagamoyo. Tofauti hiyo haitokani na akili za vijana. Kanuni za Kanisa letu juu ya malezi ya mapadre zilikuwa ndefu na nzito, na useja ulikuwa mgeni. Hata hivyo, kusema hivyo hakutoshi.

Hapa lazima niseme wazi jambo ambalo masimulizi ya sherehe huliruka. Watu wa Mtakatifu Yosefu walikuwa wamekombolewa, lakini hawakuwa huru kwa maana kamili. Kengele ndiyo iliyoamua saa zao. Padre ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya nani amuoe nani, nani alime wapi, nani aondoke na nani abaki. Makosa yalikuwa na adhabu. Kumbukumbu za wamisionari wenyewe zinaonyesha kwamba wengi walitoroka. Wengine walikwenda mjini Bagamoyo, wakafuata misafara, au wakaishi miongoni mwa Waislamu walioonekana kuwa na kamba ndefu zaidi. Waliobaki walilalamika kwamba wanafanya kazi nyingi kwa faida ndogo. Wamisionari waliyaona malalamiko hayo kama utovu wa shukrani. Kwa kuyasoma leo, naona humo watu wazima waliokuwa wakiomba kuheshimiwa kama watu wazima.

Horner alikuwa amewalea kama watoto, kwa sababu walifika wakiwa watoto. Hakuona vizuri siku walipokuwa wakubwa. Aliwafundisha kusoma katekisimu, kujenga, kulima, kuomba, na kulea watoto wao katika imani. Hakuwauliza walifikiri nini. Hakuna baraza ambamo mwanakijiji angeweza kuzungumza na kusikilizwa juu ya mambo ya misheni, na hakuna dalili kwamba Horner alilikosa. Na kwa kuwa alikuwa mtakatifu katika sadaka yake, mwenye kufunga, mwenye kuugua na kuendelea kufanya kazi, ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kumwambia.

Nasema haya bila kumhukumu, kwa kuwa mimi mwenyewe ni padre na nimefanya vivyo hivyo. Katika parokia yangu ya kwanza nilikuwa na katekista mzee katika kigango cha mbali, aliyeongoza ibada ya Dominika kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimpangia ratiba mpya ya mafundisho ya wakatekumeni bila kumuuliza neno. Aliitikia, akaitekeleza miezi mitatu, na wakatekumeni wakapungua mmoja baada ya mwingine, kwa sababu niliweka vipindi siku za mnada. Kila mtu kijijini alijua kasoro mimi.

Pamoja na kasoro zake, Horner alikuwa na ujasiri wa kuwaachia watu wake waende. Mwaka 1870 alisafiri hadi Ukami kutafuta mahali pa kituo cha bara. Njia, vita, magonjwa na ukosefu wa fedha vilichelewesha mpango huo kwa miaka saba. Hatimaye mwaka 1877 kituo cha Mhonda kilifunguliwa katika milima ya Nguru, kikiwa cha kwanza kabisa nje ya pwani. Pamoja na mapadre na mabruda walipanda familia za Kikristo kutoka Bagamoyo. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto ya Horner tangu siku za Unguja: kijiji kidogo cha waamini katikati ya watu wasioijua Injili, ambapo mtu angeweza kuona ndoa ya Kikristo, shamba la Mkristo na mazishi ya Mkristo kabla hajasikia hubiri lolote.

Mhonda palikuwa mahali pagumu. Familia zilizofika hazikuwa na ukoo pale. Wenyeji waliwaona kama wageni, na hawakuwa na sababu ya kuwaamini. Baadhi ya wanafamilia hao hawakutaka kwenda tangu mwanzo, maana walikuwa wamezoea pwani na minazi yake. Wengine waliishi vizuri, wengine walileta aibu, na wapo waliorudi. Lakini jambo jipya lilitokea huko. Bagamoyo mkatekista alikuwa mikononi mwa padre muda wote. Mhonda alipaswa kuzungumza na mzee wa Kinguru aliyekaa barazani, akamweleza kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale kwa nini anaoa mke mmoja, kwa nini anazika bila kafara, na kwa nini alikubali kuwa wa dini ya wageni waliomnunua. Hakuna kitabu kilichomwandaa kwa swali la mwisho. Ilimbidi ajibu mwenyewe, kwa maisha yake. Huko ndiko, kwa maoni yangu, majiundo ya watu wazima yalikoanza hasa katika Kanisa letu.

Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie ulipita pwani hii kuelekea maziwa makuu. Misheni ya Horner iliwapokea na kuwapa ushauri juu ya njia na wachukuzi. Hao walikuja na utaratibu mwingine: ukatekumeni mrefu wa miaka minne kwa watu wazima kabla ya ubatizo, kama katika Kanisa la kale. Kutoka kwao wangetokea wakatekista mashuhuri, akiwemo Adrian Atiman wa Karema, aliyekuwa mtumwa, akasomea udaktari Malta, akawatibu na kuwafundisha watu wa Ziwa Tanganyika kwa zaidi ya miaka sitini. Njia mbili hizo, ya vijiji vya Kikristo na ya ukatekumeni mrefu, ziliungana baadaye katika historia ya Tanzania. Ukitazama vigango vyetu leo utaziona zote mbili.

Afya ya Horner ilikuwa imeharibika. Homa za pwani zilikuwa zimemshika tangu miaka ya mwanzo, na mara kwa mara alilazimika kusafiri Ulaya, wakati huohuo akitafuta misaada kwa ajili ya misheni iliyokuwa na madeni. Mwaka 1879 aliondoka kwa mara ya mwisho. Kazi ikabaki mikononi mwa Padre Baur. Horner alifariki Cannes, kusini mwa Ufaransa, mwezi Mei 1880, akiwa na umri wa miaka 52.

Hakuishi kuona Zanzibar na pwani zikifanywa Vikarieti ya Kitume mwaka 1883, chini ya Askofu Raoul de Courmont. Hakuona vita vya Abushiri vya mwaka 1888 na 1889, wakati misheni ya Bagamoyo ilipokuwa kimbilio la maelfu ya watu wa dini zote, kwa kuwa pande zote mbili zilizopigana zilikubali kuiheshimu. Wala hakuona Kanisa likitambua rasmi, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwamba mlei ana utume wake anaoupata katika ubatizo, wala Papa Fransisko akiifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi mwaka 2021. Majina ya wanaume na wanawake aliowafundisha yanapatikana zaidi katika madaftari ya ubatizo na ndoa kuliko juu ya mawe ya makaburi.

Miaka michache baada ya kifo chake vilifunguliwa vituo vya Mandera, Morogoro na Tununguo. Kila kimoja kilianza kwa namna ileile: padre mmoja au wawili, bruda mwenye sanduku la vifaa, na familia chache za Kikristo zilizotembea kwa miguu kutoka Bagamoyo, zikiwa na majembe, mbegu na watoto migongoni.